Aliyefungua Njia ya Bungu

Jenoveva Shemkala alikuwa karani mpiga chapa wa Tarafa ya Kwemhosi kwa miaka saba, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti ofisini. Asubuhi moja ya mwezi Mei, 1976, Katibu Tarafa alimwekea mezani karatasi tatu zilizoandikwa kwa wino, akamwambia zitoke kabla ya saa sita mchana. Akasoma ukurasa wa kwanza. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili aliacha, akarudi kuusoma upya ule wa kwanza.

Karatasi zile zilitokana na barua iliyofika wiki mbili nyuma. Jumuiya ya Maafisa Tawala ilikuwa imeanzisha nishani ya kila mwaka, ikaiita Nishani ya Mahusiano Mema. Ingetolewa kwa mtumishi aliyefanya kazi ya kuunganisha wilaya na wilaya, au Serikali na vijiji vyake. Kila tarafa ilete jina moja, maelezo, na vielelezo vya kuthibitisha. Jenoveva ndiye aliyeifungua bahasha ile, na alipoisoma alimkumbuka mtu mmoja tu, Mzee Mbaraka Singano, aliyekuwa mlinzi wa kizuizi kwenye njia ya kwenda Bungu. Alidhani kila mtu pale angemkumbuka huyo huyo.

Karatasi za wino zilianza hivi: "Sisi wenyeviti wa vijiji vitatu vya Tarafa ya Kwemhosi, kwa furaha na shukrani, tunampendekeza Ndugu Nathanaeli Mhando, Katibu Tarafa wetu, ambaye wakati wa njaa ya mwaka 1974 aliifungua njia ya Bungu, akawaokoa ndugu zetu wa wilaya jirani." Mwandiko ulikuwa wa Ndugu Nathanaeli Mhando mwenyewe.

Jenoveva alinyanyuka akaenda hadi mlangoni kwa Katibu.

"Ndugu Katibu, hii imetoka kwa wenyeviti?"

"Itatoka kwao. Watatia dole gumba Jumatano wakija kwenye mkutano wa mbolea."

"Wawili kati yao wanajua kuandika. Wana saini."

Mhando aliinua macho. Alikuwa mtu wa makamo, msafi, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. "Basi watatia saini," alisema. "Piga chapa, Jenoveva. Basi la Ijumaa haliningojei mimi wala wewe."

Akarudi mezani, akapiga chapa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alipiga, na jibu halikuwa la kumpendeza. Alipiga kwa sababu alikuwa ameletewa kazi ya kupiga.

Mwaka ule wa njaa aliukumbuka vizuri. Mvua zilikatika mapema, mahindi ya upande wa Bungu yakakauka yangali na mbelewele. Huku Kwemhosi mabonde yalikuwa bado na maji, na watu walivuna viazi. Amri iliyotoka juu ilisema magari ya mazao yasitoke wilayani bila kibali. Ilisema magari. Mhando akaiongezea ya kwake, kwamba hata mzigo wa kichwani usivuke. Akatia gogo la mkaratusi kukatiza njia ya kuteremka Bungu, ambayo watu walikuwa wakiipita tangu enzi za babu zao kwenda kuoa, kuzika na kuomba chumvi.

Wanawake wa Bungu walipanda kuja kwa dada zao walioolewa huku, wakapewa kikapu cha viazi, na waliporudi wakanyang'anywa kwenye gogo. Viazi vililetwa vikarundikwa katika stoo nyuma ya ofisi, vingojee maelekezo. Maelekezo hayakuja. Vikaanza kuoza. Harufu ilipenya mbao za ukuta ikaingia chumba cha chapa, na Jenoveva akawa anafunga kitambaa puani, anaendelea na kazi. Mwanamke mmoja, Mwajuma, alinyang'anywa mara mbili katika wiki moja. Mara ya tatu hakupanda. Dada yake alikuja sokoni akasema Mwajuma amemzika mwanawe wa mwisho, na kwamba nyumbani kwake walikuwa wakila mizizi ya migomba.

Habari hiyo ilimfikia Mzee Mbaraka siku ile ile, kwenye gogo. Alikuwa tarishi wa Halmashauri ya zamani kwa miaka kumi na minane, akitembea na mfuko wa barua mabegani, na Halmashauri zilipovunjwa mwaka 1972 akapewa kazi ya kizuizi kama mtu anavyopewa kiporo. Upande wa pili wa gogo, upande wa Korogwe, ile wilaya jirani yenye Bungu, kulikuwa na mlinzi mwenziwe, Hezekia Kaniki, mzee wa kanisa la Kilutheri. Mmoja aliswali upande huu na mwenziwe akasali upande ule. Wakakubaliana kwa maneno machache, kila Jumanne na Ijumaa gogo liinuliwe, na yeyote mwenye mzigo wa kichwani apite. Hawakuandikiana, wala hawakuomba ruhusa kwa mtu. Kwa miezi minne watu walipita, na katika vitongoji vile vya karibu hakuzikwa tena mtoto kwa njaa.

Kisha Mhando akaambiwa. Hakumwita Mbaraka kumuuliza. Alimfukuza kwa barua ya mistari sita, iliyosema amekuwa akipokea rushwa ya wapitaji na kuihujumu amri ya Serikali. Hakukuwa na shahidi wala polisi. Wiki tatu baadaye amri yenyewe ikafutwa, gogo likaondolewa, na Mhando akateremka hadi pale njiani na mpiga picha, akapigwa picha ameshika shoka.

Jumatano wenyeviti walikuja. Orodha ya mbolea ilikuwa juu ya meza, chini ya kiwiko cha Mhando, na karatasi ya nishani ilikuwa pembeni yake. Wawili walitia saini, wa tatu akatia dole gumba, bila kuuliza. Mmoja wao, akitoka, alimtazama Jenoveva kisha akatazama chini haraka.

Jumamosi mchana Jenoveva alipanda kwa Mzee Mbaraka. Ni mwendo wa saa nzima kwa anayejua njia za mkato. Alimkuta shambani, anapalilia kabichi kwenye tuta lenye mteremko mkali, miguu peku, koti la utarishi mgongoni limekwisha kwapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuacha kupalilia.

Akamweleza yote, nishani, karatasi za wino, saini. Alisema haraka haraka, kwa Kishambaa, kwa sababu kwa Kiswahili aliona anazungumza kama barua. Alisema ataandika yeye mwenyewe kwa Jumuiya, jina liwe la Mbaraka, haki ijulikane.

Mzee alisimamisha jembe.

"Ile barua yangu iliandikwa na nani?"

"Na Katibu, mzee."

"Aliyeitunga namjua. Nauliza iliandikwa na nani. Chini kabisa, pembeni, pana herufi. NM, mkwaju, JS. Nimekuwa tarishi miaka kumi na minane, najua herufi zile zinasema nini. Ya kwanza ni mwenye maneno, ya pili ni mwenye vidole."

JS ilikuwa yeye, Jenoveva Shemkala.

"Ulikuwa unajua ni uongo?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua, na neno rushwa ukaliandika vizuri, halina hata kosa moja." Hakupaza sauti. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka kama kamba. "Unajua neno hilo limenifanya nini? Nilitolewa kwenye kamati ya kisima. Mahari ya binti yangu ililetwa, wakasikia, wakaja kuichukua. Msikitini wananisalimu, lakini sanduku la sadaka halipiti mkononi mwangu. Mimi. Nimebeba barua za Serikali miaka yote ile, sijafungua hata moja. Leo unapanda mlima kuniletea habari za kipande cha shaba."

"Nataka kurekebisha, mzee."

"Basi usiniandike kwenye nishani yao. Nishani na wapeane. Waliondoe neno lile."

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alimkaribisha mgeni ndani, akampa bada, ule ugali wa muhogo, na mboga, kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini hakukaa naye. Jenoveva alikula peke yake. Alikuwa amepanda na hasira ya mtu mwenye haki, akateremka na hasira ya aina nyingine, ile isiyo na mahali pa kuiweka kwa sababu nusu yake inakuangukia wewe.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya wote. Bahasha ya Mhando ilikuwa bado haijaondoka, maana basi la Ijumaa lilikuwa limeharibika. Barua ya Jumuiya ilikuwa imedai vielelezo, na Mhando hakuambatisha kitu ila picha yake na shoka. Jenoveva alifungua kabati, akavuta jalada la kizuizi, akatoa nakala za kaboni, amri ya Mhando ya kuzuia mizigo ya kichwani, yenye tarehe, na barua ya kumfukuza Mbaraka, yenye tarehe. Akazipiga chapa upya neno kwa neno, akatia hizo mpya kwenye bahasha, akarudisha za awali mahali pake. Kisha akamwandikia Hezekia Kaniki kule Bungu, akamuuliza aliyekuwa akiinua gogo upande huu alikuwa nani. Bahasha akaizuia hadi jibu lilipofika siku ya tatu, kurasa mbili za mwandiko mkubwa wa penseli. Akalitia ndani nalo. Mwisho akaandika nusu ukurasa wa kwake: kwamba ufuatao ni ukweli anaoujua, kwamba yeye ndiye aliyepiga chapa barua ya uongo, na kwamba anaomba shutuma dhidi ya Mbaraka Singano ifutwe. Akaweka jina lake lote, cheo chake, na saini. Akaipeleka bahasha posta kwa miguu yake.

Juni ikapita bila jibu. Julai barua ikaja, na Mhando akaifungua mbele ya wafanyakazi wote. Alikuwa ameshinda. Sherehe ingekuwa mjini Lushoto, Jumamosi ya pili ya Agosti. Aliagiza soda kreti zima. Jenoveva alipewa yake, akaiacha mezani mpaka ikaisha gesi.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Kulikuwa na bendi ya shule, maua ya gladiola kwenye makopo, na mgeni rasmi kutoka Dar es Salaam aliyekuwa anahisi baridi na hakuvua koti. Jenoveva alikaa safu ya nyuma. Akimtafuta mtu yeyote anayemjua, alimwona mzee mmoja mgeni amekaa safu ya mbele kabisa, ndani ya suti nyeusi ya kanisani, kofia magotini. Alishangaa mwenyekiti wa sherehe alipomtaja kuwa Mzee Hezekia Kaniki, ambaye hakuwa amewahi kuonana naye uso kwa uso: "mwakilishi wa ndugu zetu wa wilaya jirani, ambaye barua yake ya kugusa moyo imeifikia kamati."

Hapo Jenoveva akaelewa. Barua waliiona. Waliona imetoka Bungu, waliona maneno njaa na ushirikiano, wakamwalika mwandishi aje kupongeza. Hawakuisoma.

Maelezo yakasomwa, yale yale aliyoyapiga kwa vidole vyake. Mhando akapanda jukwaani, akavalishwa. Makofi. Kisha mwenyekiti akamwomba Mzee Kaniki aje kumpa mkono mshindi na kusema mawili matatu.

Mzee alipanda taratibu. Alipofika, Mhando alinyoosha mkono. Mzee aliutazama, hakuushika. Akageukia watu.

"Nimeambiwa nije nishukuru," alisema. "Na nimekuja kwa kuwa nina deni la shukrani. Nilikuwa mlinzi upande wa Korogwe tangu siku gogo lilipowekwa mpaka lilipoondolewa. Huyu ndugu sikumwona hata siku moja. Namwona leo. Aliyeinua gogo upande wa Kwemhosi ni Mbaraka Singano. Alikuwa analiinua kwa bega kwa sababu ni zito. Huyu ndugu alimfukuza kazi kwa hilo, akamwita mla rushwa. Nilikuwa pale, hakupokea hata ndizi. Watu wa Bungu wako hai wanaomjua, waiteni mmoja mmoja muwaulize. Niliandika haya yote kwa kamati. Nilidhani nimeitwa kwa sababu mmeyasoma."

Akavaa kofia, akakumbuka yuko ndani, akaivua, akashuka.

Hakuna aliyepiga makofi na hakuna aliyezomea. Mgeni rasmi alimwinamia mwenyekiti, mwenyekiti akamwashiria mwalimu wa bendi, na bendi ikaanza kupiga. Mhando alibaki pale juu na kitu kinachong'aa kifuani, akitabasamu kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake. Kisha akashuka akaketi, na ratiba ikaendelea.

Jenoveva alimfuata katibu wa kamati nje, bwana mmoja aitwaye Kornelio, alipokuwa akihesabu makreti yanayorudi.

"Nilileta vielelezo," alimwambia. "Amri, na barua ya kufukuza, na maelezo yangu."

"Wewe ndiye Shemkala?" Alimvuta kando. "Vyako niliviona. Niseme kweli, niliviona wiki ya mwisho. Lakini nishani ilikuwa imekwisha chongwa jina. Ratiba ilikuwa imekwisha pigwa chapa. Mgeni amekwisha alikwa. Ungefanyaje?"

"Ningechonga jina jingine."

"Fundi yuko Tanga mjini, dada yangu."

"Mtu ameitwa mwizi miaka miwili, na wewe unaniambia fundi yuko Tanga." Sauti yake ilikuwa imepanda. Watu waligeuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujali. "Sikuja kwa ajili ya nishani. Ukurasa wangu ulikuwa na ombi moja. Ulilisoma?"

Kornelio alikiri hakulisoma.

"Utalisoma leo. Nitasimama hapa mpaka ulisome."

Alisimama. Kornelio alimtuma mtu kuleta jalada kutoka kwenye gari, akasoma huku amesimama karibu na makreti, midomo inacheza. Alipomaliza alikuwa hana tena haraka. Alisema atalipeleka mkoani yeye mwenyewe, Jumatatu. Jenoveva alimwambia aandike hivyo kwenye karatasi, aweke saini. Akaandika.

Yaliyofuata yalikuwa kama yalivyo kawaida. Mhando hakumfukuza Jenoveva, maana sasa macho yalikuwa mengi. Alimhamishia ghala la mbolea, akae na magunia, mbali na mashine ya chapa. Mwezi Oktoba yeye mwenyewe akapandishwa cheo, akahamia wilaya nyingine, na nishani akaenda nayo. Waliofanya karamu ya kumuaga ni wale wale waliotia saini.

Mwezi Novemba ofisa mmoja kutoka mkoani alipita Bungu na Kwemhosi siku mbili, akauliza watu, akaandika. Desemba barua ikamfikia Mzee Mbaraka. Ilisema uchunguzi umefanyika, na tuhuma za rushwa dhidi yake hazikuthibitika, kwa hiyo zimeondolewa katika kumbukumbu. Kazini hakurudishwa kwa kuwa kizuizi hakipo.

Mzee aliipeleka msikitini Ijumaa, akamwomba imamu aisome baada ya swala. Jenoveva, ambaye alikuwa amesomeshwa na masista wa Kikatoliki wa Kifungilo na hakuwahi kusimama karibu na msikiti ule, alisimama barabarani akasikiliza kupitia dirishani. Aliposikia neno "hazikuthibitika" aliuma meno.

Watu walitoka wakimpa mzee mikono. Walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wale wale waliomtoa kwenye kamati ya kisima, sasa wanamwita ndugu kwa sauti kubwa. Mbaraka aliwaitikia wote kwa adabu, wala hakumsogelea yeyote. Alipomwona Jenoveva ng'ambo ya barabara alivuka.

"Umesikia walivyoandika?" alimuuliza.

"Nimesikia, mzee. Hazikuthibitika. Kama vile ulikula, ila hawakukukamata."

"Ndivyo nilivyoisikia na mimi." Aliikunja barua, akaitia mfukoni. "Wengine wote hapa wamefurahi."

"Mimi sikufurahi."

"Naona." Alimtazama kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba. "Nikitaka waandike kwamba ulikuwa uongo, nani ataniandikia?"

Waliandika pamoja Jumapili ile, nyumbani kwake, baada ya Jenoveva kutoka misa. Mzee alisema, yeye akaandika kwa mkono, kwa kuwa mashine hakuwa nayo tena, na Mwanahawa akaketi nao mpaka mwisho akirekebisha tarehe. Jibu halikuja. Wakaandika tena Januari, na tena mwezi Machi.